Kutwa mara tatu ni kila saa 8

Dawa unayomeza hunyonywa utumboni na kuingia kwenye damu. Ini huivunjavunja, figo huitoa kwa mkojo. Kama nusu yake huondoka kila saa 6, miligramu 400 hubaki 200, na baada ya saa 12 ni 100 tu. Ndiyo maana antibayotiki ya kutwa mara tatu imezwe saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Ukizibana dozi zote mchana, usiku vijidudu hupata nafasi.

Umesahau? Meza ukikumbuka, ila kama inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Tafadhali usimeze mbili kwa pamoja: parasetamoli ikizidi gramu 4 kwa saa 24, ini la mtu mzima huweza kuumia kabla hajahisi chochote.