Kwenda Moshi Krismasi na peni zako za sindano za kupunguza uzito

Desemba ikishaanza maswali ni yaleyale, nina peni yangu ya Ozempic au Mounjaro, nimeshakata tiketi ya kupanda nyumbani, ile dawa inakaa kwenye friji sasa njiani itakuwaje? Itafika salama. Shida ni kwamba watu wengi wanaogopa joto tu, halafu wanakwenda kuiua kwa barafu.

Peni ambayo hujaianza inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Lakini dawa hizi zimeruhusiwa kukaa nje ya friji kwa muda fulani ilimradi joto lisizidi 30. Ozempic ukishaianza, karatasi ya maelezo ya Marekani inasema siku 56, ya Ulaya inasema wiki 6. Mounjaro ile peni ya dozi moja ni siku 21, ile ya KwikPen yenye dozi nne ni siku 30 toka uianze. Kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi LAKO, usichukue ya shoga yako aliyeletewa kutoka nje. Na hizo siku ukirudisha peni kwenye friji hazianzi upya, zinaendelea pale pale, chukua kipande cha plasta andika tarehe ubandike kwenye peni, wino wa marker pen usiofutika.

Sasa barafu. Dawa ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na ukaiona safi kama maji usiichome, tupa. Na inaganda kirahisi sana, mtu anachukua chupa ya maji iliyolala friza anaifunga pamoja na peni kwenye mfuko mmoja, akifika Korogwe basi linaposimama watu wale, dawa ilishaganda zamani. Ukitaka barafu tumia kibegi cha kutunza baridi, barafu ifunge kwenye taulo, peni iache ndani ya boksi lake (boksi linazuia na mwanga pia) na katikati weka kitambaa kingine. Ukigusa boksi likawa la baridi ya soda inatosha, likiwa linauma vidole ongeza kitambaa.

Kuna vile vibegi vya Frio unaloweka maji tu, vinafanya kazi kama mtungi, maji yanakauka yanaondoka na joto. Vizuri sana ila vinataka hewa, usikifungie ndani ya mfuko wa plastiki, na Dar au Tanga kwenye unyevu mwingi havipoozi kama vinavyopooza sehemu kavu.

Kwenye basi kibegi unakaa nacho wewe. Sio kwenye buti, kule chini ni tanuri, na sio juu ya dashibodi kama mnaenda na gari yenu. Mkishuka kula mnashuka nacho, gari lililofungwa vioo juani linapita 30 muda si mrefu. Ukipanda ndege ni hivyo hivyo, mkononi, mzigo wa chini unaweza kupata baridi ya kugandisha au ukabaki Addis wewe ukafika KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Beba cheti cha daktari chenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na boksi lenye lebo ya famasi, ukifika kwenye ukaguzi sema mwenyewe kabla hawajauliza kwamba una dawa na sindano.

Ukifika ndio uwe macho zaidi. Friji ya Krismasi imejaa bia na soda na mtu ameshaizungusha mpaka namba ya mwisho ili vinywaji vipoe haraka, ukiweka peni kule nyuma karibu na friza asubuhi unakuta jiwe. Weka kwenye mlango. Kama kwenu ni kule juu, Marangu au Kibosho, peni uliyoianza inakaa kabatini vizuri tu mbali na dirisha, kule kuna ubaridi wake na umeme ukikatika hupati presha. Moshi mjini ni habari nyingine, mchana Desemba panachemka.

Siku yako ya kuchoma ya kila wiki ikiangukia tarehe 25 unaweza kuisogeza, Ozempic ilimradi zipite saa 48 toka sindano iliyopita, Mounjaro saa 72. Ukisahau kabisa, Ozempic unachoma kama hazijapita siku 5, Mounjaro siku 4, zikipita acha subiri siku yako inayofuata, usichome mbili kufidia. Binafsi nashauri usipandishe dozi wiki hiyo, tumbo linakuwa zito halafu unakuta mtori, ng'ande, mbuzi mzima na mbege, na kila shangazi anataka uonje chake vinginevyo umemdharau. Chukua kidogo kwenye sahani, kula taratibu, mafuta punguza, maji kunywa. Ukitapika bila kukoma au tumbo likakushika vibaya mpaka mgongoni nenda hospitali, usisubiri sikukuu iishe. Na wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenclamide pamoja na hizi, msikae na njaa safari nzima, sukari itashuka, muwe na kitu kitamu mfukoni.

Sindano zilizotumika usiziache kwenye peni na usitupe shimoni nyuma ya nyumba, watoto wa Krismasi wanachokonoa kila kitu. Tia kwenye chupa ngumu ya plastiki ya sabuni yenye kifuniko, funga, rudi nayo ukaiache zahanati au famasi wanakopokea. Peni yenyewe ni yako peke yako, hata binamu akibembeleza ajaribu "kidogo tu" na hata ukibadilisha sindano, hapana.