Utando wa jelatini unaobadili rangi ukivutwa

CD-R tupu (CD ya kurekodia) ina mfereji unaozunguka, na mistari yake imeachana nanomita 1600 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Mistari iliyokaribiana hivyo huugawa mwanga katika rangi zake, na rangi unayoiona hutegemea umbali kati ya mistari. Ukiinakili mistari hiyo kwenye kitu kinachovutika, unachagua rangi kwa mkono. Kanuni hiyohiyo inatumika kwenye skrini na vihisi vya mwanga vinavyorekebishwa kwa kuvutwa.

Kwaruza upande wa lebo kwa wembe, bandika tepu pana, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Tabaka linalong'aa la rangi ya fedha litang'oka. Rangi inayobaki ioshe kwa spiriti. Usiuguse uso huo, mafuta ya kidole yanaziba mifereji. Ziba tundu la katikati kwa selotepu kutokea chini.

Loweka gramu 12 za jelatini isiyo na ladha kwenye mililita 60 za maji baridi kwa dakika 10. Tia mililita 10 za glisirini (ile ya kupaka inafaa, mradi haina manukato), halafu yeyusha jelatini, bakuli likiwa ndani ya maji ya moto. Isichemke: jelatini iliyochemka hupoteza nguvu, na utando hukatika ukiuvuta. Engua povu, mimina mililita 30 juu ya CD iliyolala sawasawa, uso uliong'olewa ukiwa juu. Kausha kivulini siku mbili. Arusha mwezi wa Julai huganda upesi. Moshi mwezi wa Februari mimina usiku, kwa sababu joto la mchana huilegeza.

Bandua taratibu. Kata kipande cha milimita 10 kwa 35, urefu ukielekea kutoka katikati ya CD kwenda ukingoni. Hapa ndipo wengi hukosea: ukikata kufuata mzunguko, kuvuta kunabana mistari badala ya kuitanua.

Bana ncha kwa vibanio vya nguo, upitishe ndani yake leza nyekundu ya nanomita 650, ukuta ukiwa mita 1. Ukutani mwanga utagawanyika: doa moja la kati na mengine pembeni. Doa la pembeni liwe kama sentimita 44 kutoka doa la kati. Vuta sehemu iliyo wazi kutoka milimita 25 hadi 30: litasogea ndani mpaka kama sentimita 36. Leza isimulike macho. Kwa mwanga mweupe, ukitazama bila kusogeza kichwa, kijani kinageuka chekundu.

Madoa yakitawanyika, utando umelowa. Glisirini hufyonza unyevu, kwa hiyo wakati wa masika uhifadhi kwenye kopo lenye mchele mkavu.