Jinsi ya kumpata batisi porini, na kwa nini umkazie macho jike

Wengi wanaoanza mambo ya kuangalia ndege wanapita chini ya batisi kila siku na hawajui, maana kenyewe ni kadogo, sentimita 12 hivi, gramu kumi na kitu tu, na muda mwingi kako ndani ya majani kanatafuta viwavi na mende, sio ndege wa kuja kukaa kwenye waya akusubiri. Ukitegemea macho peke yake utarudi nyumbani na shingo inauma basi.

Anza na masikio. Toka mapema, saa moja mpaka saa nne asubuhi, nenda penye migunga au miombo. Naivasha, hifadhi ya Nairobi, pande za Arusha, Ruaha, huko kote yupo yule anayeitwa Batis molitor na wala sio adimu. Dume anapiga mluzi wa noti tatu, taratibu, kila moja iko chini kidogo ya iliyopita, tii... tuu... too, halafu kimya, halafu anarudia tena. Ukiusikia usikimbilie, simama hapohapo uangalie matawi ya katikati na ya juu, na akiruka kwenda tawi lingine utasikia mabawa yanafanya prrrt kavu hivi, hiyo ndo inakuonyesha ametua wapi.

Kama kumenyamaza kabisa, hasa kiangazi, tafuta kundi la mchanganyiko. Ndege wadogo wa aina tofauti wanatembea pamoja mti kwa mti wakila wadudu, na batisi anapenda sana kujiunga nao. Ukiona mti mmoja ghafla umejaa vurugu ya videge usihame, subiri wote wapite, maana yeye mara nyingi anatokea nyuma.

Sasa kazi yenyewe. Dume ni mzuri kweli, kichwa kijivu, barakoa nyeusi usoni, macho ya njano, mkanda mweusi kifuani, watu wanampiga picha yeye wanaondoka wameridhika. Shida ni kwamba madume ya batisi wa Afrika Mashariki yanafanana mno, anayekwambia ni spishi gani ni jike. Kwa hiyo ukimwona dume msubiri mkewe, wanatembea wawiliwawili, hayuko mbali. Jike wa molitor ana mkanda wa hudhurungi kifuani na kidoa cha rangi hiyohiyo kidevuni, kidoa kimekatwa safi, pembeni yake ni nyeupe tupu. Subiri ainue kichwa kuchungulia chini ya jani, hapo kidoa kinaonekana chote. Ukikuta kidoa kimefifia na kingo zake hazieleweki na uko Pwani, huyo ni Batis soror. Na ukikuta mkanda upo ila kidevu cheupe kabisa, fikiria Batis minor, ambaye hata utosi wake ni mweusi zaidi.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, inatosha, ya kukuza mara 10 inatikisika na huyu hatulii. Kwa picha weka shata spidi 1/1000 au zaidi, jua liwe mgongoni kwako.

Halafu hii ya kucheza sauti yake kwenye spika ili aje, jamani punguzeni. Anakuja kweli, anakuja amekasirika akijua kuna dume mwingine kwake, na kama ana kiota huko nyuma jike anaachwa anaatamia bila kuletewa chakula. Kiota chenyewe ni kikombe kidogo kwenye panda ya tawi, kimeshikwa na utando wa buibui na kubandikwa kuvumwani (lichen) za magome, ukiwa chini unaona kifundo cha mti tu. Ukikigundua piga hatua nyuma, usikate majani upate picha.

Kwa walio Kilifi na Malindi, ingieni Arabuko-Sokoke kwa upande wa Gede. Kwenye miti ya mrihi, kule kwenye mwanga mwingi na mchanga mweupe, mtafute soror. Ukiingia msitu uliofunga zaidi kuna mwingine, Batis mixta, mkia mfupi, macho mekundu badala ya njano, kwa hiyo pale angalia jicho kwanza kabla hujaandika jina kwenye eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege uliowaona.