Kabla ya vuli: mambo ya kuzingatia kwa mwenye mlimao uani

Mvua za vuli zikianza hapa Mwanza, kwa kawaida kuanzia Oktoba, milimao, midimu na michungwa ya uani huchipua kwa mpigo. Majani hayo machanga ndiyo chakula cha vidukari, viwavi na kila mwenye meno. Maandalizi basi ni ya Septemba, mti ungali umetulia. Anayengoja majani yajikunje ndipo akimbilie duka la pembejeo kuomba "dawa ya wadudu" atauziwa chochote kilichopo.

La kwanza, ujue hali ya mti wako. Geuza majani, tazama upande wa chini. Vidoa vya kahawia vilivyoganda kwenye tawi, ambavyo ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka, ni wadudu gamba. Utando kama pamba chini ya jani mara nyingi ni nzi weupe. Mistari ya fedha inayozunguka ndani ya jani ni kazi ya funza mdogo sana. Kwa mti mkubwa huharibu sura kuliko mazao, wala sioni haja ya kumpulizia. Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, anayetoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali ukimgusa, mwokote kwa mkono. Mche mchanga anaweza kuumaliza majani.

Masizi meusi juu ya majani huwatisha wengi, lakini ni ukungu unaoota tu juu ya utomvu mtamu wanaotoa vidukari, gamba na nzi weupe. Ukiwaona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wafuate: wanakula utomvu huo, na kwa malipo huwafukuza wadudu wanaowala vidukari. Kata matawi yanayogusa ukuta, bati au kamba ya kuanikia nguo. Kisha funga ukanda wa plastiki shinani na uupake grisi. Usipake grisi kwenye gome lenyewe. Njia ya sisimizi ikikatika, wadudu rafiki kama ladibedi, yule mbawakawa mdogo mwenye madoa, hupata nafasi ya kufanya kazi yao.

Umanjano nao una lugha yake. Majani ya zamani yakigeuka manjano yote, mti una njaa ya naitrojeni, jambo la kawaida kwenye udongo wetu wa kichanga, luseni. Mpe samadi iliyooza vizuri. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa zinki au chuma. Linalonitia wasiwasi ni jani lenye mabaka yasiyolingana pande mbili za mshipa mkuu, pamoja na matunda madogo yaliyopinda na kubaki kijani kitakoni. Hizo ni dalili za ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mdudu mdogo afyonzaye majani na pia kwa vikonyo vya kubebeshea, yaani vya kuunganishia mti mmoja juu ya mwingine. Hauna tiba. Kabla hujashika shoka, mwonyeshe afisa ugani wa kata tawi zima, maana dalili hizi huchanganya. TARI Ukiriguru, kule Misungwi, nao ni watafiti wa kilimo walio karibu.

Shina likitoa gundi karibu na ardhi, ondoa udongo na matandazo yaliyolirundikia. Sehemu ya kubebeshea isifukiwe kamwe, na maji ya kuoshea vyombo yasituame hapo.

Vifaa ni vichache: mkasi mkali, jiki iliyochanganywa na maji ya kuufutia mkasi unapohama mti, bomba la kupulizia, glavu na barakoa. Kwa vidukari anza na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Sabuni ya unga huunguza. Jaribu tawi moja, subiri siku moja, kisha pulizia jioni hadi chini ya majani. Ukilazimika kununua kiuatilifu, kiwe na lebo na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kilichomiminiwa kwenye chupa ya soda kiache hukohuko dukani. Wala usioshee bomba ziwani au kwenye mfereji unaoelekea ziwani: viuatilifu vingi vya kawaida huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Matunda yaliyoanguka yafukie kina cha nusu mita, kwani funza wa nzi wa matunda hutoka humo na kujificha udongoni. Palipo na mwamba, na Mwanza ni wapi hapana mwamba, yatie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na uiache juani.

Mche mpya, hata uliopewa na jirani au ulioletwa kwa meli kutoka Ukerewe, usiupande siku hiyohiyo kando ya mti mkubwa. Uweke mbali wiki kadhaa, uukague majani yanapochipua, ndipo uamue.