Kabla hujaweka dau la nyumba Norwe: mambo ya kuzingatia

Ujumbe wa kwanza uliingia saa tatu na dakika kumi asubuhi. Simu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, na pembeni yake kipande cha karatasi ambacho mimi na mke wangu tulikuwa tumekiandika usiku wake, chenye namba moja tu: mwisho wetu wa kulipa. Dalali wa nyumba tuliyoitaka alitujulisha kuna dau jipya, yaani bei ambayo mnunuzi mwingine ameahidi kulipa, akataja kiasi na saa ya mwisho ya kulijibu. Tukaongeza. Wenzetu nao wakaongeza. Kufika saa tano na nusu tulikuwa tumeipita namba yetu kwa kroner 150,000, na karatasi mke wangu alishaifudikiza ili tusiione. Baada ya saa sita nyumba ikachukuliwa na mtu mwingine.

Wiki nzima niliamini tumechezewa. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huku tumekulia mahali ambapo dalali akikwambia "kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi", huna pa kuthibitisha. Tunahamia Norwe na shaka hiyo mfukoni. Ninachotaka kukueleza ni kwamba hapa pana njia ya kuthibitisha, imeandikwa katika kanuni, ila itakufaa tu ukiijua kabla ya asubuhi ya madau.

La kwanza, na ndilo zito kuliko yote: dau lako linakufunga. Dalali akishalifikisha kwa muuzaji huwezi kulirudisha, na hakuna siku za kughairi baada ya hapo. Linabaki hai mpaka saa uliyoandika mwenyewe, isipokuwa muuzaji alikatae mapema au uarifiwe kuwa nyumba imeuzwa kwa mwingine. Kwa hiyo usiweke dau kwenye nyumba mbili kwa wakati mmoja ukidhani moja itakosa. Zikikubaliwa zote, umenunua nyumba mbili. Na pale ambapo una wasiwasi, mathalani hujamaliza kuuza nyumba unayokaa, andika sharti lako ndani ya dau lenyewe. Sharti ulilolisema kwa mdomo tu halikusaidii.

Kabla ya hapo nenda benki ukapate barua ya uthibitisho wa mkopo, wanayoiita finansieringsbevis. Kawaida ni kwamba mikopo yako yote isizidi mara tano ya kipato chako cha mwaka kabla ya kodi, na tangu mwisho wa 2024 fedha yako mwenyewe inatakiwa iwe angalau asilimia 10, kutoka asilimia 15 ya awali. Barua hiyo ina tarehe ya kuisha, iangalie. Lakini namba iliyomo si mwisho wako. Ni mwisho wa benki. Mwisho wako ni ule unaoweza kuulipa riba ikipanda na mmoja wenu akiwa likizo ya uzazi.

Katika kuhesabu, tazama nyumba ni ya aina gani. Ukinunua nyumba yenye umiliki kamili utalipa ushuru wa hati wa asilimia 2.5 juu ya bei. Ukinunua fleti ya ushirika wa makazi, yaani borettslag, ushuru huo haupo, ila mara nyingi fleti hubeba fungu lake la deni la ushirika. Dau linawekwa kwenye bei bila deni hilo. Nimewaona watu wakishangilia fleti "rahisi" ambayo deni lake la pamoja lilikuwa karibu sawa na bei iliyotangazwa. Soma mstari wa jumla ya bei, usiishie kwenye namba kubwa iliyo juu ya tangazo.

Ushirika una jambo jingine linalowaumiza wageni kwa sababu hawakuambiwa: wanachama wanaweza kuwa na haki ya kununua kwanza. Unashinda madau, unafurahi, kisha mwanachama wa miaka mingi anajitokeza na kuichukua fleti kwa bei ileile uliyofikia wewe. Hajakudhulumu. Anatumia ukongwe wake kwenye foleni, na foleni hiyo hata wewe unaweza kuingia leo kwa ada ndogo, pamoja na watoto wako. Muulize dalali mapema kama haki hiyo ipo na kama tayari kuna aliyejitokeza.

Sasa ripoti ya hali ya nyumba. Tangu 1 Januari 2022 muuzaji hawezi tena kumuuzia mtu wa kawaida nyumba "kama ilivyo" na kujivua lawama. Upande wa pili wa sheria hiyo ni kwamba kasoro iliyoandikwa wazi kwenye ripoti unahesabiwa umeijua, hata kama hukuifungua. Na kasoro iliyofichika nayo, gharama ya hadi kroner 10,000 ni juu yako. Mkaguzi hutoa alama kutoka TG0, yaani hakuna tatizo, hadi TG3, tatizo kubwa, na kwa TG3 lazima akadirie gharama ya matengenezo. Anzia bafuni. Mimi siku hizi napiga magoti pale penye tundu la maji sakafuni, nainua kifuniko, naangalia kama utando wa kuzuia maji umebanwa vizuri ukingoni. Watu hunitazama, waache watazame. Kujenga bafu upya huku kunaweza kumeza akiba ya miaka. Kama Kinorwe cha ripoti kinakushinda, tafuta mtu akusomee kabla ya siku ya kutazama nyumba. Dalali hulipwa na muuzaji, lakini sheria inamtaka ajali maslahi yenu nyote wawili, kwa hiyo una haki ya kumuuliza maswali na kupewa majibu ya kweli. Mwandikie, akujibu kwa maandishi.

Siku ya madau yenyewe, jua mpangilio. Dau la kwanza unalitoa kwa maandishi, kwa utambulisho na saini, kwa kawaida kupitia BankID, kitambulisho cha kielektroniki cha benki, hivyo jaribu mapema kama yako inafanya kazi. Dalali hatakiwi kupeleka dau lenye muda wa kujibu unaoisha kabla ya saa sita mchana ya siku ya kwanza ya kazi baada ya onyesho la mwisho la nyumba lililotangazwa. Kanuni hiyo inakulinda usisukumwe usiku uleule wa onyesho. Ila ikishapita saa sita, muda hufupishwa, nusu saa, pengine pungufu, na hapo ndipo akili huruka. Dalali anapaswa kuwaarifu washindani wote kwa maandishi kila dau linapoingia, pamoja na masharti yake. Majina hamtayaona. Muuzaji naye halazimiki kumpa aliyetaja kiasi kikubwa zaidi. Anaweza kumchagua mwenye dau dogo lisilo na masharti.

Yote hayo huingizwa kwenye daftari la madau, budjournal: nani, kiasi gani, saa ngapi, sharti gani. Muuzaji na mnunuzi hupewa nakala biashara ikikamilika. Wewe uliyeshindwa pia, ilimradi uliweka dau, unaweza kudai nakala iliyofichwa majina. Wachache wanaijua haki hii na wachache zaidi huitumia, na inaniuma, kwa sababu nimekaa kwenye sebule nyingi nikisikia "walitupandishia bei kwa mtu hewa" bila aliyeomba kuona. Dau la uongo ni kosa. Ukiona mambo hayaelewani, anza kwa kulalamika kwa ofisi ya dalali kwa maandishi, kisha upeleke kwenye bodi ya malalamiko ya mambo ya nyumba, Eiendomsklagenemnda.

Mimi niliomba nakala ya daftari la kwetu kwa barua pepe ya mistari miwili. Tulikuwa washindani watano. Aliyetupita alikuwa ameingia tangu asubuhi, kila hatua yake ina dakika yake, na dau lake la mwisho lilituzidi kwa kroner 25,000. Nililisoma mara mbili, nikampa mke wangu naye alisome.

Miezi minne baadaye tulikaa tena jikoni na simu na karatasi. Safari hii mke wangu aliiegemeza karatasi kwenye birika, uso ukitutazama, na ikabaki hapo mpaka dalali alipopiga.