Jinsi ya Kutunza Oili ya Injini Yenye Turbo: Mfano wa Subaru Forester na Toyota Prado

Turbo ni kifaa kidogo, lakini huitegemea oili kwa kiasi kikubwa sana. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu moja, na shafti hulizungusha gurudumu la pili linalosukuma hewa ndani ya injini, kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi shafti hiyo huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa na pampu, na oili hiyohiyo huondoka na joto. Kwa sababu hiyo, turbo iliyokufa mapema aghalabu haikuwa mbovu yenyewe: oili ilichelewa kuifikia, au ilifika ikiwa chafu, au ilikosa njia ya kutoka.

Jambo la kwanza ni muda wa kumwaga oili. Magari mengi yenye turbo tunayoendesha Afrika Mashariki yametumika kwanza Japani, na huko Toyota imekuwa ikipanga kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa gari la petroli lisilo na turbo, ila kilomita 5,000 au miezi 6 kwa lenye turbo, kisha hupunguza muda huo kwa nusu gari likitumika katika mazingira magumu. Foleni za Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na vumbi la barabara za changarawe, ni mazingira magumu kwa kipimo chochote. Kwa Forester ya turbo, kwa hiyo, kilomita 5,000 ziwe ndio mwisho kabisa, hata kama kipimo hicho cha nusu kinakushinda, na filta ibadilishwe kila mara badala ya kurukwa zamu moja kama wafanyavyo wanaobana matumizi.

Oili yenyewe ichaguliwe kwa kitabu cha gari. Kwenye kopo, alama za API (kiwango cha ubora wa oili) zinazoanza na S ni za injini za petroli na zinazoanza na C ni za dizeli. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji oili maalumu isiyoacha majivu mengi. Oili ya sintetiki ya 5W-30 au 5W-40, kadiri kitabu kinavyoruhusu, huvumilia joto la turbo vizuri zaidi kuliko oili ya kawaida. Oili nzito ya SAE 40 ya bei nafuu, inayouzwa kwa galoni, haifai hapa hata kidogo, kwa kuwa asubuhi injini ikiwa baridi huchelewa kufika juu. Nunua kwa wakala anayeaminika na uvunje lakiri ya kopo mwenyewe.

Kipimo kifanyike gari likiwa mahali tambarare, dakika chache baada ya kuzima. Upungufu ni hatari, lakini hata kuzidisha kuna madhara: oili ya turbo hurudi chini kwa uzito wake tu, bila pampu, hivyo kina kikipanda mno au bomba la kupumulia injini likiziba, hukwama ndani ya turbo na kuvuja kwenye sili zake. Moshi wa bluu utatokea na fundi mwenye haraka atakuuzia turbo mpya, ilhali bomba la kurudisha oili na njia ya kupumulia vilitakiwa kukaguliwa kwanza.

Kila gari lina udhaifu wake. Katika injini nyingi za Subaru za familia ya EJ zenye turbo, oili iendayo kwenye turbo hupita kwenye bolti yenye tundu ambayo ndani yake mna kichujio kidogo cha wavu, na oili iliyochakaa hukiziba kabla dereva hajaona dalili yoyote. Ukinunua gari usilolijua historia yake, mwambie fundi aifungue bolti hiyo, akikague kichujio na aweke washa (pete bapa za kuzibia) mpya za shaba. Wako wanaokitoa na kukitupa. Binafsi naona hilo halitibu kitu, kwa sababu uchafu uliokuwa ukikiziba sasa utaelekea kwenye beringi za turbo.

Prado yenye injini ya dizeli ya 1KD ina tatizo lililofichika zaidi. Washa zilizo chini ya nozeli (vinyunyizi vya dizeli) zikianza kupitisha gesi ya mwako, gesi hiyo huchoma oili iliyo juu ya kichwa cha injini na kuifanya kaboni ngumu, ambayo huteremka hadi kwenye chujio la mdomo wa pampu ya oili. Presha ya oili hushuka, na turbo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuumia. Ukiona utando mweusi kama lami kuzunguka nozeli, washa zibadilishwe, kisha bakuli la oili lifunguliwe na chujio lisafishwe. Usimimine dawa ya kusafishia injini ukidhani umemaliza kazi, maana inaweza kubandua kaboni yote kwa mpigo mmoja na kuipeleka palepale kwenye chujio.

Katika uendeshaji, usikanyage mafuta kwa nguvu kabla injini haijapata joto. Ukiwa umetoka kupanda mlima mkali kama Kitonga, Iringa, na mzigo, iache injini iungurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili isiungue ndani ya turbo yenye moto mkali. Baada ya safari ya kawaida ya mjini hakuna haja hiyo.

Turbo mpya ikilazimika, bomba la kuleta oili libadilishwe au lisafishwe kabisa, na silikoni isitumike mahali pa gasketi, kwani vipande vyake huziba tundu la oili. Mimina oili safi kwenye turbo kabla ya kufunga bomba. Kisha katisha mafuta, kwa kutoa fyuzi ya pampu ya petroli kwenye Forester au plagi za nozeli kwenye 1KD, na zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya presha ya oili izimike. Baada ya kuiwasha, iache kwa mlio wa chini dakika chache, kagua kama kuna mvujo, zima, na upime oili upya, kwa sababu sehemu yake imeshaingia kwenye turbo na mabomba yake.