Kuomba ufadhili wa utafiti wa fedha za umma: anza na daftari, fomu baadaye

Maandiko mengi ya kuomba ufadhili ya watafiti chipukizi wa fedha za umma na utawala huanguka mahali pamoja. Swali zuri, nadharia imepangwa, lugha imenyooka, kisha msomaji anafika kwenye kipengele cha takwimu na kukuta sentensi hii: "Takwimu zitakusanywa kutoka halmashauri husika." Zipi? Zimeandikwa wapi? Nani atakupa? Andiko linawekwa pembeni.

Ndiyo maana wanaoanza huwa nawashauri waende kinyumenyume: hakikisha kwanza karatasi zipo, halafu uliza swali, ndipo utafute mwenye hela. Mfano wangu ni wa Tanzania Bara. Kenya nitaigusia njiani.

Hatua ya 1: Litoe swali kwenye ripoti za ukaguzi

Kila mwisho wa Machi CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili huwasilishwa Bungeni. Baada ya hapo unazipata kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, serikali za mitaa zikiwa na ripoti yao peke yake. Magazeti hukimbilia hoja (dosari iliyoandikwa na mkaguzi) yenye mabilioni. Wewe tafuta hoja inayojirudia mwaka hadi mwaka licha ya menejimenti kuahidi kurekebisha, kwa mfano makusanyo ya mashine za POS (za kukusanyia mapato) yasiyofika benki. Hoja isiyokufa ina sababu yake, na hiyo sababu ndiyo utafiti.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisitisha utoaji wake. Iliporejeshwa mwaka 2024, halmashauri 10, zikiwamo Siha, Nkasi na Bumbuli, zilipangiwa kukopesha kupitia benki kwa majaribio, na nyingine zikabaki na utaratibu wa kamati za halmashauri zenyewe uliofanyiwa marekebisho.

Wengi wataandika: "Changamoto za mikopo ya asilimia kumi kwa vijana nchini Tanzania." Mada hiyo haina pa kushika. Jaribu hivi: "Je, vikundi vilivyokopeshwa kupitia benki vinarejesha mikopo vizuri zaidi kuliko vilivyokopeshwa kupitia kamati, katika halmashauri zinazokaribiana kwa mapato ya ndani?" Sasa zipo pande mbili za kulinganisha, upo wakati wa kabla na baada, na msomaji anajua utafungua daftari gani.

Atakuuliza pia hizo 10 zilichaguliwaje. Kama zilichaguliwa kwa sababu ya hali fulani iliyokuwapo tangu mwanzo, ulinganisho wako unayumba. Liseme mwenyewe kabla hujaulizwa, na ueleze utakavyolikabili. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tano za mapitio ya maandiko.

Hatua ya 2: Nenda ukalione daftari

Kabla ya kuandika lolote, fika kwenye halmashauri hata moja. Kwa mfano wetu, rejesta ya vikundi utaikuta kwa afisa maendeleo ya jamii, na fedha zenyewe kwa mweka hazina. Usianze kwa kuomba nakala. Omba kuona safu zake tu: jina la kikundi, tarehe ya mkopo, kiasi, marejesho. Je, marejesho yanaandikwa kila mwezi au ni jumla tu ya mwaka? Jibu la swali hilo linaweza kubadilisha mbinu yako yote ya uchambuzi.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, hivyo Juni na Julai mweka hazina hana muda na mtu. Septemba yuko mbioni kuwasilisha hesabu, na baada ya hapo wakaguzi wanapiga kambi. Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka na mihtasari yake ni hazina isiyoguswa na wengi, ila kwa mtendaji aliye katikati ya maandalizi ya kikao wewe ni usumbufu.

Ukikwama, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Kenya sheria yao ya mwaka huohuo inatoa siku 21. Itaje kwa adabu, mwishoni mwa barua. Ukiianza barua kwa vifungu vya sheria utajibiwa kwa vifungu vya sheria. Wakenya wana unafuu mwingine: Mdhibiti wa Bajeti huchapisha taarifa za matumizi ya kaunti zote 47 kila robo mwaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinganisho inafanyika ukiwa mezani.

Hatua ya 3: Chagua mfadhili anayelingana na swali

AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika ulioanzishwa 1988, ni ya wachumi. Ukienda huko jiandae kulitetea andiko mbele ya wenzako kwenye warsha, na watakubana kwenye ekonometriki (mbinu za kitakwimu za uchumi). CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti la Afrika lililopo tangu 1973, ni ya sayansi za jamii kwa upana wake: siasa za bajeti, madaraka ya madiwani, uhusiano wa mwananchi na dola. ICTD, kituo cha kimataifa cha kodi na maendeleo chenye makao yake IDS, taasisi ya masomo ya maendeleo huko Sussex, Uingereza, ni ya kodi.

Mikopo ya vikundi si kodi. Usibandike neno "kodi" kwenye kichwa cha andiko ili upite. Wanaosoma wanaishi na fani hiyo. Lakini ukiuliza iwapo mwananchi anayeona asilimia 10 ikirudi mtaani kwake hulipa ushuru wa halmashauri kwa hiari zaidi, hapo umeingia kwao kwa haki.

Masharti na tarehe hubadilika kila tangazo. Soma tangazo la mwaka huu, usitegemee la mwaka jana ulilotumiwa WhatsApp.

Hatua ya 4: Vibali

Ukiwa chuoni, barua ya kibali hutolewa na chuo chako kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha inashuka wilayani, kwa mkurugenzi, hadi kwa mtendaji wa kata. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi huanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Zanzibar ina utaratibu wake. Tenga miezi, si wiki. Na kwa kuwa rejesta ina majina ya watu, eleza utakavyoyaficha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Hatua ya 5: Bajeti

Watafiti wa fedha za umma ndio walitakiwa wawe hodari hapa, lakini sivyo. Andika kwa vizio. Badala ya "kazi ya uwandani" na jumla kubwa, weka: wadadisi (wakusanyaji wa takwimu) 4, siku 12, posho ya siku moja, nauli ya basi kwenda na kurudi, watu 5 (wao na wewe), siku 2 za mafunzo na majaribio ya dodoso, vocha za kuwapigia wenyeviti wa vikundi. Mtu asiyekufahamu aweze kuzidisha na kupata jumla ileile.

Ufadhili ukija kwa dola na matumizi ni ya shilingi, taja kiwango ulichotumia na tarehe yake. Uliza chuo kinakata asilimia ngapi ya usimamizi, kwa sababu wapo wafadhili wasioilipa, na ukigundua baada ya kusaini itatoka kwenye posho za wadadisi. Kumbuka fedha huja kwa awamu, na ya mwisho mara nyingi husubiri ripoti, kwa hiyo gharama za uandishi zisiwe zote mwishoni.

Masurufu ya safari (fedha ulizopewa kabla ya kusafiri) yakikaa bila kurejeshwa kwa stakabadhi, idara ya uhasibu haitakupa mengine. Beba daftari la stakabadhi, na pale ambapo hapatoki risiti, kama kwa bodaboda, jaza fomu ya malipo isainiwe palepale na aliyelipwa, pamoja na namba yake ya simu.

Hatua ya 6: Ukikataliwa

Omba maoni ya wasomaji hata kama hayakuambatanishwa. Yatenge mafungu mawili: wasiokuelewa na waliokuelewa wakapinga. La kwanza rekebisha kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko. La pili linakurudisha hatua ya 2, halmashauri, kwenye rejesta.